Sentimita Tano za Gereji

4 Februari

Dada Rula,

Simu zangu hupokei, kwa hiyo naandika. Barua huwezi kuikata katikati. Tangu ulipoondoka hapa mwaka jana nimepiga mpaka nimechoka, na jibu lako ni ujumbe mmoja tu: "niko kazini". Haya, kama kazi ndiyo unayoipenda, nakuletea kazi.

Nataka kuigeuza gereji ya Baba iwe chumba cha kushonea. Gari lenyewe tuliliuza siku nyingi. Humo ndani sasa kuna makopo ya rangi iliyoganda, godoro walilohamia panya, na baiskeli ya mtu aliyesema anaiacha wiki moja, huu mwaka wa sita. Cherehani zangu ziko sebuleni, wateja wanajaribia nguo nyuma ya kabati, na kila mtu anazipanda zile ngazi nane za mbele huku anahema. Gereji iko chini, sawa na uwanja. Unaingia tu.

Nilikwenda ofisi ya vibali vya ujenzi nikidhani ni kugongewa mhuri. Mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, akanipa karatasi sita. Kumbe mbele ya kanuni gereji si chumba, ni banda. Dirisha halina, na linatakiwa dirisha lisilopungua sehemu moja ya kumi ya sakafu. Chini ya zege hakuna nailoni ya kuzuia unyevu. Ule mlango mkubwa nikiuziba, ukuta mpya lazima uwe na msingi wake. Dari isipungue sentimita mia mbili na arobaini. Halafu uwanjani ibaki nafasi ya kuegesha gari. Nikamwambia gari hatuna. Akasema, "Gari unaweza kukosa. Nafasi huwezi."

Wanataka michoro yenye saini ya mchoraji, na mchoraji ni wewe. Vipimo hivi hapa nyuma ya karatasi, nimepima mwenyewe kwa futi yangu ya shingoni. Weka mlango wa sentimita tisini usio na kizingiti. Swichi ziwe chini kidogo. Na kule pembeni niwekee mahali pa kuogea.

La mwisho: nimepata kitambaa kizuri kizito, nataka kukushonea mto wa kiti chako. Nitumie vipimo vya pale pa kukalia, na upana wa kiti chote kutoka gurudumu hadi gurudumu, mto usije ukagusa matairi.

Mdogo wako,
Sindano

17 Februari

Sindano,

Umeanza barua kwa kunisimanga na kuimaliza kwa kuomba kazi ya bure. Hujabadilika hata kidogo, na nimefurahi.

Sasa nijibu. Fundi cherehani anaoga kazini tangu lini? Au siku hizi unashona huku umejipaka sabuni? Na swichi za chini ni za nani, wateja wako wamekuwa wafupi?

Kuna jambo zito zaidi. Urefu wa dari umeandika 235. Kanuni inataka 240, umeniandikia mwenyewe. Hizo sentimita tano si mchezo. Paa la gereji ni la zege, huliinui kwa jeki. Pima tena, pima pembe zote nne. Kama ni hivyo kweli, nitaandika hivyo hivyo, kwa sababu sisaini uongo, na tutaomba watusamehe. Kwa karakana ya kushonea wanaweza kulegeza. Kwa chumba cha kulala hawalegezi hata ukipiga magoti. Una bahati unataka karakana.

Vipimo vya kiti: pa kukalia ni 42 kwa 40, na kiti chote ni 66. Nimepima kwa rula ya chuma ya kazini, kwa hiyo usibishe.

Mimi sijambo. Lifti yetu inafanya kazi, nashuka kila Jumapili, nakaa bustanini mpaka jua linageuka. Usiniulize nakuja lini. Tangu ile ajali, huu ni mwaka wa tatu, nimekuja nyumbani mara moja, na mara hiyo moja inanitosha. Ngazi ni zile zile nane, na watu wa kutazama ni wale wale.

Dada yako,
Rula

1 Machi

Dada,

Nimepima pembe zote nne na katikati, juu ya meza, juu ya ndoo, na mara ya mwisho mwashi wa jirani kanishikia miguu. Ni 235. Futi yangu haijawahi kunidanganya. Kumbuka ni wewe uliyeninunulia kwa mshahara wako wa kwanza, na kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyerudisha suruali yangu kwa kubana wala kwa kupwaya.

Kuoga ni kwa sababu ya vumbi la nyuzi, linaniwasha shingo. Swichi za chini ni kwa sababu mgongo wangu siku hizi hauko sawa. Umeridhika, Bi Mkaguzi?

Mto nimeutuma leo. Nimeukata kwa vipimo vyako bila kupunguza wala kuongeza.

Jana niliingia chumba cha Mama kufuta vumbi. Zile alama za penseli kwenye fremu ya mlango bado zipo. Wa juu ni wewe, mpaka ule mwaka niliokupita ukanuna siku mbili.

Sindano

14 Machi

Sindano,

Michoro ndiyo hii, nakala nne, zimesainiwa. Nimeandika "karakana ya ushonaji" na nimeomba msamaha wa sentimita tano. Dirisha nimelitazamisha uwanjani ili uone nani anakuja kudai gauni lake. Usiguse kitu mpaka kibali kitoke. Narudia, usiguse.

Mto umefika. Umenikaa vizuri sana, asante. Rangi yake ni ile niipendayo, na sikuwa nimekuambia.

Jumapili nilikuwa bustanini kama kawaida.

Rula

20 Aprili

OFISI YA VIBALI VYA UJENZI
Kwa: Mwombaji
Nakala: Mchoraji

YAH: MAOMBI YA KUBADILI MATUMIZI YA GEREJI YA NYUMBANI

Ndugu Mwombaji,

Tumepitia fomu na michoro yako. Maombi hayajakubaliwa kwa sababu zifuatazo.

Kwanza, michoro inaeleza chumba kuwa "karakana ya ushonaji". Fomu uliyojaza kwa mkono wako inaeleza "chumba cha kulala cha dada yangu, anayetumia kiti cha magurudumu, akikubali kurudi". Matumizi ni lazima yawe mamoja.

Pili, ikiwa ni chumba cha kulala, urefu wa dari ulioonyeshwa, sentimita 235, uko chini ya kiwango na hauwezi kulegezwa.

Aidha, sehemu ya fomu isemayo "maelezo mengine" haikukusudiwa kwa maelezo ya aina uliyotoa. Yamesomwa hata hivyo.

Unaweza kuomba upya ndani ya siku tisini.

Mkaguzi wa Majengo

23 Aprili

Dada,

Huku salama. Ofisi bado hawajajibu, unajua tena ofisi. Wakati nasubiri nimeanza kikazi kidogo cha sakafu. Mwashi amesema kama dari haipandi, sakafu inashuka, sentimita tano tu. Kaniazima patasi na nyundo. Nimeanza kona ya nyuma, zege la Baba ni gumu kama Baba mwenyewe.

Usiwe na wasiwasi na usipige simu, sitasikia kwa kelele.

Sindano

28 Aprili

Sindano, mdogo wangu,

Barua ya ofisi na barua yako zimeingia siku moja. Nimekupigia mara nne, hupokei. Sasa nimeonja dawa yangu mwenyewe. Hii naituma kwa gari la vifurushi, ifike kesho, na neno la kwanza ni hili: weka nyundo chini. Ukiishusha sakafu sentimita tano, mlango usio na kizingiti unakuwa na kizingiti cha sentimita tano, na mvua ya kwanza itaingia ilale humo. Utakuwa umenijengea ngazi ya tisa.

Neno la pili. "Akikubali kurudi." Nimeyasoma hayo maneno kwenye karatasi ya ofisi, yana mhuri, nikalia mpaka wino ukaenea. Kwa nini hukuniambia mimi ukamwambia mkaguzi? Najua kwa nini. Ulipotaja kujenga mteremko mwaka jana nilikufokea kwamba nyumba haitabomolewa kwa ajili yangu. Nilikuwa na hasira ya jambo lingine. Siku ile nilipokuja ulininyanyua kwenye kiti bila kuniuliza, ukanitia mgongoni kama gunia, ngazi nane, majirani wamejaa uwanjani, kiatu kikanidondoka na mtu akacheka. Hukuniuliza, Sindano. Ungeniuliza ningesema ndiyo. Hilo ndilo lililonifukuza, si ngazi.

Neno la tatu, na mimi nikiri. Lifti yetu imekufa tangu Januari. Naishi ghorofa ya tatu. Jumapili zote za bustanini nilizokuandikia nilikuwa dirishani, naitazama hiyo bustani kwa juu. Kazi wananiletea na kuichukua mlangoni. Sijagusa ardhi tangu mwaka uanze. Sikutaka ujue, ungekuja kunibeba.

La nne, nalo ndilo la kukutoa jasho. Nilikudanganya kuhusu mto. Haukunikaa. Umezidi, unapanda juu ya mikono ya kiti, nimekaa upande upande mwezi mzima nisikuvunje moyo. Leo, baada ya kulia, nimeupima kwa rula ya chuma. Nilikupa 42, umekata 43 na kidogo. Nilikupa 40, umekata 41 na kidogo. Wewe hukosei mkasi. Nani aliyekosea?

Ni futi. Kitambaa kilichovutwa miaka kumi na tisa shingoni kimerefuka. Suruali zako hazirudishwi kwa sababu mteja unampima kwa futi hiyo na kitambaa unakata kwa futi hiyo hiyo, kosa linajifuta lenyewe. Mto wangu ndio nguo yako ya kwanza iliyopimwa kwa rula ya mtu mwingine. Kila mita yako moja kwa kweli ni mita moja na sentimita tatu. Sasa rudi kwenye dari, upige hesabu. Halafu azima futi ya chuma kwa mwashi. Na patasi yake mrudishie.

Rula

16 Mei

Dada yangu,

Ni 242. Mwashi amepima, mimi nimepima, kisha nikaenda kumwomba mama mkaguzi aje mwenyewe, akaja na futi yake ya chuma, akapanda kwenye meza yangu ya kukatia na viatu vyake. 242 pembe zote. Akaomba kuiona futi yangu. Akailaza kando ya yake, akavaa miwani, akaangalia muda mrefu, halafu akacheka mpaka akashuka mezani akakaa. Amenishonesha gauni, ila akasema nimpime kwa ile ile ya zamani, asije akaharibikiwa.

Barua yako ilinikuta nimeshachimba kona ya nyuma, mraba wa mita moja hivi. Ya kwangu. Nilikaa humo shimoni kuisoma.

Sasa na mimi nisikilize. Nilipofika kwenye fomu, palikuwa na mstari wa matumizi. Karani akaninong'oneza, andika karakana, itapita, baadaye utaweka kitanda, nani atakuja kuangalia? Kalamu ikawa juu ya karatasi. Nikawaza siku moja anakuja mtu na faili, anakukuta umelala, anakuambia, bibi, hapa huruhusiwi kulala. Kwenye nyumba ya baba yako. Nikaona bora wanikatalie mimi. Ndiyo nikaandika ukweli, na niliposhika ukweli kalamu haikusimama, nikajaza mpaka "maelezo mengine".

Ile siku ya ngazi naiota. Nilikuwa na furaha mno umekuja, nikadhani nikichelewa utageuza kiti uondoke. Kiatu chako ninacho, nilikiokota ukiwa umeshaondoka. Samahani, Dada. Nilitakiwa kukuuliza, na sikukuuliza.

Lakini na wewe, tangu Januari! Ghorofa ya tatu! Nimekasirika, nimekaa, nimekasirika tena. Sasa nakuuliza kabla sijagusa kitu chochote, na jibu lolote nitalipokea. Nikikijenga hicho chumba, utakuja?

Sindano

25 Mei

Sindano,

Nimechora upya kila ukuta, maana kila ukuta wako ulikuwa umepungua. Juu nimeandika "chumba cha kulala", na jina la mtumiaji nimelijaza mwenyewe, ofisi wasije wakasoma tena "akikubali". Lile shimo lako usilizibe. Nimeusogeza mfereji wa maji ya kuogea uangukie hapo hapo. Mteremko wa kutoka uwanjani hatuhitaji, Baba alimwaga zege sawa na ardhi ili gari lisiruke.

Nakuja. Lakini usikusanye watu, na mlango nitaufungua mwenyewe.

Rula

19 Juni

OFISI YA VIBALI VYA UJENZI
Kwa: Mwombaji
Nakala: Mchoraji na Mtumiaji

Ndugu Mwombaji,

Kibali cha kubadili gereji kuwa chumba cha kulala kimetolewa. Ukuta wa mbele ujengwe juu ya msingi mpya, nailoni ya unyevu ikaguliwe kabla ya sakafu ya juu, isiyozidi sentimita mbili, kumwagwa, na nafasi ya gari uwanjani ibaki wazi.

Mwombaji anashauriwa kununua futi mpya. Gauni limefika salama.

Mkaguzi wa Majengo

Jumapili, 30 Agosti

Sindano,

Barua hii haina stempu. Nitaipenyeza chini ya mlango mdogo ulio kati ya chumba changu na ngazi za ndani, na wewe ukishuka utaikanyaga. Nimeona niandike, kwa sababu ana kwa ana ningeanza kukukosoa ile swichi ya pili, imekaa upande.

Jana nilikuona. Teksi iliposimama, ulikuwa umesimama kando ya mlango, mikono umeikunja nyuma, unaishikilia kama mtu anayezuia mbwa wawili. Nilipofika kwenye kokoto gurudumu moja likasita. Ukapiga hatua, ukarudi. Shavu lilikuwa linakucheza. Nikasukuma tena, likapita. Nikashika kitasa, nikafungua, nikaingia ndani ya nyumba yetu kwa mikono yangu, mlango umenipisha kila upande, na kiti hakikugusa ubao. Ukabaki nje. Nikakuita uingie, nikasikia unapenga kamasi, ukasema ni vumbi la nyuzi.

Nimelala vizuri. Asubuhi nimekwenda uwanjani mara tatu bila sababu yoyote. Nimekaa pale kwenye ile nafasi ya gari. Ni mahali pazuri, ofisi ilijua inachokifanya. Mto nimeubadilisha kidogo kwa mkasi wako, usinung'unike. Futi nimeikuta imetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda changu. Iache hapo hapo.

Sasa nina ombi, na nimelifikiria tangu jana. Nina mlango wangu, ninaweza kutoka na kuingia nikitaka, na hakuna anayenilazimisha kwenda popote. Ndiyo maana naweza kukuomba. Nataka kuona chumba cha Mama, nataka kuweka kidole kwenye zile alama za penseli kwenye fremu. Ngazi za ndani nimezihesabu kutoka hapa, nazo ni nane.

Njoo saa nne usiku, ukishamalizana na nguo za watu. Kiatu changu kile ulichookota nimekikuta kando ya kitanda, nitakuwa nimekivaa, kifunge vizuri kisidondoke tena. Halafu uchuchumae mbele ya kiti, unipe mgongo.

Dada yako,
Rula